Maboksi Arobaini ya Kilo Tisini na Saba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku mbaya. Naandika haya ili siku moja ijulikane nani alikosea, na si mimi.

Asubuhi tumepeleka mzigo kwenye ghala la serikali: shuka mia nane za hospitali, maboksi arobaini, kila boksi shuka ishirini. Mke wangu amezishona kwa miezi mitatu, yeye na cherehani yake moja, mpaka kidole kimeota sugu. Kiwanda ni chake, zabuni ni yake. Mimi ni Mkurugenzi wa Usafirishaji na Mawasiliano. Cheo nimejipa mwenyewe maana hakuna aliyejitokeza kunipa.

Mlangoni karani wa mapokezi akauliza taarifa ya awali ya mzigo iko wapi. Nikamwambia mzigo wenyewe huu hapa, taarifa ya nini tena. Akasema kuanzia mwezi huu kila mzabuni anayeiuzia serikali hutuma kwanza taarifa kwenye mfumo wa mtandao, siku moja nzima kabla gari halijafika: maboksi mangapi, yana uzito gani, ndani mna nini, gari namba gani, dereva nani. Mzigo usiotanguliwa na taarifa haupiti. Waraka tulitumiwa tangu Januari. Kweli nakumbuka kitu cha kurasa kumi na moja. Kiliziba vizuri lile dirisha la stoo lililovunjika kioo.

Karani mwenyewe ni mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, muhuri hautoki mkononi. Nimempa jina la Bi Muhuri. Akagonga kwenye karatasi yetu: UMERUDISHWA, MARA YA KWANZA. Zikifika tatu, akasema, jina linafutwa kwenye orodha ya wazabuni. Alilisema hilo kwa upole, na ndicho kilichoniudhi.

Nyuma yetu kwenye foleni alikuwepo mshona mito, mpinzani wangu. Namwita Bwana Nakala Tatu kwa sababu hana karatasi asiyoichapa mara tatu. Akapita na mito yake kichwa juu. Akanipungia mkono. Sikumpungia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata akili. Nimeamka nayo.

Wanataka taarifa itangulie mzigo? Haya. Tukaenda tena na pikapu ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye dereva wetu. Ni mtu mnene sana. Akiingia, gari linainamia upande wake. Mita hamsini kabla ya geti nikamwambia asimame. Nikatoa simu, nikatuma taarifa. Nikamwambia sasa twende. Taarifa imetangulia kwa mita hamsini, nani atabisha?

Bi Muhuri akabisha. Siku moja nzima, akasema, si mita. Nikamweleza kwamba geti lilikuwa bado halijafunguliwa, kwa hiyo kisheria mzigo ulikuwa haujafika, na kitu ambacho hakijafika hakiwezi kusemwa kimewahi wala kimechelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akagonga: MARA YA PILI.

Njiani tulikubaliana na shemeji kwamba tutamwambia mke wangu ghala lilikuwa limefungwa. Tulipofika, sijashuka hata mguu mmoja, shemeji alikwishamwaga siri yote na karatasi akamwonyesha. Yule mtu ana kidomo.

Mke wangu hakugomba. Aliketi juu ya boksi, akasema ikigongwa ya tatu hakuna hospitali wala shule ya serikali itakayompa kazi tena, atabaki kuwashonea majirani viraka mpaka uzeeni. Nikamwambia aniachie mimi. Akasema hilo ndilo linalomtisha.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo kazi imefanyika kitaalamu. Mtu ajifunze.

Jana, kwa haraka, kwenye uzito nilijaza sifuri kote. Leo nimetulia. Shemeji akashauri tupeleke maboksi kwenye mizani ya sokoni. Nikakataa, mkurugenzi hapangi foleni na wauza vitunguu. Nikaazima mizani ya muuguzi wa nyumba ya pili, ile ya kupimia watu. Shemeji akapanda kuijaribu. Sindano ikakimbilia mia moja na nane. Akashuka haraka, akasema mbovu.

Tatizo likawa moja. Boksi likiwekwa juu ya mizani linafunika sindano, husomi kitu. Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi. Nikalikumbatia boksi, nikapanda nalo, shemeji akachuchumaa kusoma. Tisini na saba. La pili, tisini na saba. La tatu, tisini na saba na robo. Yote arobaini nimeyabeba kwa mikono hii, na hakuna lililopungua tisini na saba. Nilijua nina nguvu. Sikujua ni kiasi hicho. Shemeji naye alishangaa, akasema hata wabeba mizigo wa stesheni hawaniwezi.

Fomu ikauliza mzigo umepimwa kwa njia gani. Nikaandika: Nimebeba mwenyewe kwa mikono. Wajue wanashughulika na nani. Nikatuma. Mfumo ukajibu kwamba taarifa imepokelewa na haiwezi kubadilishwa.

Nikakutana na Bwana Nakala Tatu kwenye duka la vifaa vya ofisi, anatoa nakala bila shaka. Akataja kwamba maboksi yake ya mito ni kilo tisa tisa. Nikamhurumia. Nikamwambia yangu ni tisini na saba. Akauliza kama ndani nimeweka shuka au nimeweka cherehani. Kijicho tu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Jibu la ghala limekuja. Tumepangiwa Jumatatu saa tatu asubuhi, mlango namba mbili. Kwa kuwa mzigo ni karibu tani nne, watatuwekea mashine ya kunyanyulia na wapakuzi sita. Wanaomba pia tuthibitishe kwamba pikapu tuliyoitaja, ambayo uwezo wake ni tani moja, haitahatarisha watumiaji wengine wa barabara.

Nilifurahi kuona wanavyotujali. Nikamsomea mke wangu kwa sauti. Akaacha kupiga pasi. Akauliza imekuwaje shuka moja ifike karibu kilo tano. Nikasema unyevu. Akaenda pale yalipo maboksi, akalinyanyua moja kwa mkono wa kushoto, akaliweka mezani. Akauliza nani alisimama kwenye mizani. Nikasema mimi, tena kwa fahari. Akauliza mimi peke yangu nina kilo ngapi.

Themanini na tatu.

Nilijisikia nikilitaja jibu lenyewe, na hata kabla sijamaliza nilikuwa nimeelewa. Boksi ni kilo kumi na nne. Zilizobaki zote ni mimi. Nimeitangazia serikali kwamba itanipokea mara arobaini.

Shemeji akasema taratibu kwamba yeye aliona tangu mwanzo kuna jambo haliko sawa. Hakuona lolote.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimempigia Bi Muhuri simu asubuhi. Anasema taarifa haibadilishwi, ingebadilishwa kila mtu angetuma ovyo ovyo kisha akarekebisha mlangoni. Yaweza kufutwa, ila kufuta kunahesabiwa kama kurudishwa. Yaani mara ya tatu. Mzigo usipofika, mara ya tatu. Ukifika usilingane na taarifa, mara ya tatu. Nikamwuliza kama ipo njia isiyoishia kwenye mara ya tatu. Akasema ipo: ulingane.

Basi kazi ni kuongeza kilo themanini na tatu kwenye kila boksi bila kuongeza kitu, maana ndani hapatakiwi kukutwa chochote ila shuka ishirini. Nikawaza. Maji! Maji si kitu, yakikauka hakuna anayejua yalikuwepo. Mke wangu alipotoka kwenda kununua uzi, nikalowesha boksi moja kwenye beseni kubwa. Shuka zikanywa maji vizuri ajabu. Nikalinyanyua. Chini likaachia, na shuka zote ishirini zikatua uani kwenye tope nililolitengeneza mwenyewe.

Mke wangu amezifua, amezianika, na sasa anazipiga pasi upya. Hasemi nami. Namwona kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Pasi inakwenda na kurudi, na kila akigeuza shuka anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Nilimwambia shemeji ni mvuke. Najua si mvuke. Nimeona haya leo, haya ya kweli, na sina mpango wowote.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mke wangu amevunja kimya saa mbili asubuhi. Ameuliza waraka uko wapi. Nikamwonyesha dirisha la stoo. Akaubandua ukurasa mmoja mmoja, akaukung'uta vumbi, akausoma wote akisubiri pasi ipate moto. Kurasa kumi na moja! Kwenye ukurasa wa tisa akasimama. Akarudia. Akaniita.

Pameandikwa kwamba uzito wa maboksi utahakikiwa mlangoni kwa njia ileile aliyoitaja mzabuni kwenye taarifa yake, na tofauti isizidi kilo moja. Akauliza pale kwenye njia ya kupima nilijaza nini. Nikamwambia huku nikitazama chini.

Akacheka. Kidogo, tena kwa puani, lakini nilimsikia.

Mpango basi ni huu: Jumatatu nitapanda mizani ya ghala na kila boksi, mara arobaini, nikiwa na kilo themanini na tatu. Nimemkumbusha mke wangu kwamba wazo ni langu, kwa kuwa maneno yale niliyaandika mimi. Akaniambia nipande mizani kwanza. Themanini na moja na robo. Hofu imenila karibu kilo mbili kwa siku tatu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nakula. Saa moja viazi, saa tatu mkate, saa tano viazi tena. Mke wangu ananipima baada ya kila sahani na kuandika ukutani kwa chaki ya kuchorea nguo. Uzito wangu sasa ni mali ya serikali, nimekatazwa hata kutembea mpaka dukani. Shemeji anakula sambamba nami ili kunipa moyo, ingawa kilo zake hakuna aliyeziomba.

Nilitoa wazo la kutia mawe mifukoni kwa usalama. Mke wangu alinitazama mpaka nikaliondoa mwenyewe. Anasema tutaingia kwa ukweli mtupu, hata kama ukweli wenyewe ni wa kipuuzi.

Saa kumi na mbili jioni: themanini na tatu na nusu. Hiyo nusu, anasema, itapotelea usingizini. Mwanamke huyu anafikiria kila kitu. Sielewi kwa nini hakusoma waraka mapema.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mgongo haunitaki.

Tulifika saa tatu kasoro. Mashine ilikuwa tayari, wapakuzi sita wamejipanga na glavu mikononi. Walipoiona pikapu yetu mmoja akauliza lori liko wapi. Bi Muhuri akavaa miwani, akasoma taarifa yetu, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akaisoma tena. Mke wangu akamfungulia ukurasa wa tisa. Bado ulikuwa na gundi ya dirishani. Bi Muhuri akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mwisho akasema waraka ni waraka, akanionyesha mizani ya sakafuni.

La kwanza, tisini na saba. Akatia alama. La pili. La tatu. Wapakuzi wakaketi juu ya mashine yao na kuanza kuhesabu kwa pamoja kama watu walio mpirani. Kufikia la kumi na tano nilikuwa nikilikumbatia boksi kwa kidevu na magoti. Kufikia la ishirini na tano shati lilikuwa limelowa na jasho linadondoka sakafuni kando ya mizani. Shemeji alinipa boksi, shemeji alinipokea boksi, na kila mara akaniuliza kama sijachoka, swali ambalo nalo linachosha.

La thelathini na moja: tisini na tano na nukta tisa. Taarifa inasema tisini na saba. Tofauti, kilo moja na nukta moja.

Kalamu ya Bi Muhuri ikasimama. Wapakuzi wakashuka kwenye mashine yao. Nikasema ni jasho, mama, kilo yenyewe hii hapa sakafuni, nikamwonyesha. Akajibu kwa masikitiko kwamba waraka hauna kifungu cha jasho. Nikaona mkono wake unaelekea kwenye muhuri. Mke wangu alikuwa amesimama ukutani, mikono ameikunja kifuani, na uso ule sitausahau. Hakunikasirikia. Alikuwa anajiandaa kuyapoteza yote. Miezi mitatu yake, na orodha yenyewe, vimening'inia kwenye nukta moja ya jasho langu.

Ndipo ikasikika sauti nyuma. Bwana Nakala Tatu, ambaye alipangiwa mlango huohuo saa nne na mito yake, na sasa ilikuwa saa tano. Aliuliza kwa adabu kama waraka unamkataza mzabuni kunywa maji wakati wa uhakiki. Bi Muhuri akafungua ukurasa wa kwanza, akaenda mpaka wa kumi na moja, bila haraka. Haumkatazi. Bwana Nakala Tatu akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya maji. Mkobani zilibaki mbili.

Nikanywa lita nzima bila kupumua. Nikapanda. Tisini na sita na nukta tisa. Wapakuzi wakapiga makofi.

Kuanzia la thelathini na tano nilikuwa na shida nyingine, ya haja ndogo, tena kubwa. Nikamwomba Bi Muhuri dakika mbili. Kabla hajajibu mke wangu alikwishasema hapana. Kilo ile haikuwa yangu ya kwenda kuimwaga. Nikapiga moyo konde. Boksi la arobaini ndilo lile lenye shuka zilizofuliwa, jipya, limefungwa kwa kamba mbili. Tisini na saba kamili.

Bi Muhuri akagonga: UMEPOKELEWA. Mke wangu akafunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu akalia kweli, halafu akanishika mkono mbele za watu wote, jambo ambalo hajalifanya tangu tulipooana. Ningesema neno zuri wakati huo. Lakini ilinibidi nikimbie chooni.

Mke wangu alimshukuru Bwana Nakala Tatu mara nyingi mno. Mimi nilimwinulia kidevu. Alitoa maji ili foleni isogee. Namjua.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Habari njema. Hospitali imezipenda shuka, na sasa wametupa kazi ya mapazia ya wodini. Maboksi kumi na mawili yako tayari tangu jana.

Mke wangu amekwenda kumsalimia dada yake. Kabla hajatoka alinikalisha kitako, akasema taarifa ya awali ataituma yeye mwenyewe kesho, mizani ya sokoni imekwisha kuagizwa, na kazi yangu mimi ni kufunga kamba tu. Waraka mpya ameuweka kwenye fremu ukutani. Nimemwitikia vizuri.

Lakini nimesikia Bwana Nakala Tatu naye ana mzigo wa kupeleka wiki ijayo. Akitangulia kutuma, atachukua Jumatatu saa tatu, mlango namba mbili, ambao kwa haki ni mlango wetu. Mtu hawezi kukaa tu akifunga kamba. Na tena mimi si yule wa mwanzo wa mwezi. Nimejifunza. Kosa la mara ile lilikuwa moja tu: sikutoa uzito wa mbebaji. Leo nimeutoa.

Mizani ya muuguzi ilikuwa bado chini ya kitanda. Kwa kuwa mgongo wangu haujapona, shemeji ndiye aliyebeba maboksi na kupanda nayo, mimi nikasoma. Kila boksi sindano ilisimama kwenye mia moja na ishirini. Nikatoa themanini na tatu zangu, namba ambayo siwezi kuisahau maisha yangu yote. Zikabaki thelathini na saba. Kitambaa cha mapazia ni kizito kuliko nilivyodhani, ingawa shemeji aliyabeba bila hata kuhema.

Nimejaza, nimehakiki mara mbili, nimetuma. Mfumo umejibu kwamba taarifa imepokelewa na haiwezi kubadilishwa. Mke wangu anarudi saa kumi na moja. Nimeichapisha, nakala tatu, na nimeziweka juu ya cherehani ili ziwe kitu cha kwanza atakachokiona.